Wavu wa Dirisha la Dani

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale kituo cha Kawangware 46 kutafuta wavu wa mbu wa dirisha langu la jikoni. Kijana wa duka akanionyesha ule wa plastiki, wa kijani. Nikamwambia nataka wa waya.

"Madam, wa waya unashika kutu," akasema. "Huu ndio watu wananunua siku hizi."

Nikamwambia sikuja kununulia watu. Akacheka, akapanda ngazi, akashusha roli ya wavu iliyokaa juu ya rafu mpaka ikajaa vumbi, akaikunjua kwenye kaunta. Harufu ikanijia moja kwa moja, harufu ya chuma na mafuta kidogo, kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Nikashika ukingo wa kaunta. Kijana akaniuliza kama niko sawa, nami nikamwambia anipimie mita moja na nusu.

Baba yangu alinukia hivyo kwa karibu mwezi mzima, nilipokuwa darasa la tatu. Nimepita umri aliokuwa nao wakati huo, na umri wa mama nimeuacha mbali nyuma. Lakini mwezi ule ukinijia, narudi kuwa mtoto palepale, tena mtoto mjuaji, kimbelembele, aliyedhani mambo ya watu wazima yanahitaji tu mtu mwenye akili ya kuyanyoosha.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Aliugua wiki mbili, akalazwa, na asubuhi moja baba akarudi kutoka hospitali na kikapu cha mama, ndani yake leso mbili na kikombe. Tulimzika nyumbani kule ziwani. Tuliporudi Nairobi, chumbani kwetu mtaa wa Kianda, habari zake zikakoma. Baba hakuwa mtu mkali. Aliniuliza kama nimekula, kama nimeoga, kama nimefanya kazi ya shule. Nikimtaja mama, alikumbuka ghafla kwamba mtungi wetu wa plastiki hauna maji, akaubeba, akatoka. Nilizoea kujua kwamba nikitaka maji yaletwe, nimtaje mama. Leo nikikumbuka hilo nalia, lakini wakati ule niliona ni ujanja.

Kisha tukaambiwa kwamba Dani anakuja. Ndivyo tulivyomwita nyanya yangu, mama yake mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali moja ya Nairobi ilikuwa imekubali kumpasua lile la kulia kwanza. Nilifurahi kupita kiasi. Baba alikaa kitini, akakuna kichwa.

Tatizo lilikuwa chumba. Kwa watu wetu Wajaluo, hasa wale wa zamani kama Dani, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hali naye mezani, hampi mkono, na kitanda anacholalia hakipaswi kuonwa na mkwe huyo hata kwa bahati mbaya. Kule nyumbani hilo si shida, nyumba ziko nyingi na miti iko katikati. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na pazia moja. Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Brayo, Mluhya mwenye mdomo na roho safi, ambaye alikuwa anaenda kwao kuvuna njugu.

"Shika kifunguo," alimwambia baba. "Huyo mama alale kwangu na Akinyi. Lakini nikuambie, hiyo dirisha yangu inaangalia mtaro. Mimi nzi wa huko tumezoeana, tunaamkuana. Jicho la mgonjwa, sijui."

Hapo ndipo wavu ulipoingia. Hospitali walikuwa wamesema jicho lisiguswe na vumbi wala nzi mpaka lipone. Dirisha la Mama Brayo lilikuwa na kibao tu cha kufunga, na ukikifunga, chumba cha mabati kinakuwa tanuri. Wavu mpya baba asingeuweza. Lakini alikuwa na kazi ya mkono Kawangware, kwa mzee mmoja mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, akimrekebishia madirisha. Nyavu za zamani zilizotobokatoboka zilikuwa zimerundikwa nyuma ya choo. Baba alimwomba.

"Hizo takataka?" mzee akamwambia. "Beba, utanipunguzia kazi ya kuchoma."

Baba alitembea kutoka Kawangware hadi Kianda na mabaki hayo yamekunjwa begani. Tulitandika uani, tukasugua kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani mpaka maji yakawa mekundu kwa kutu. Kisha akanifundisha kazi yangu. Alisimamisha kipande juani, mimi nikakaa upande wa pili, na kila nilipoona jua linanipiga jichoni kwa nguvu kuliko kawaida, nilitia kidole hapo. Kila kidole kilipotokea alikuwa na tundu la kuziba. Alichomoa nyuzi za waya kutoka pembeni, akazitia kwenye sindano ya magunia, akashona: juu, chini, juu, chini, polepole, ulimi umetoka kidogo. Tundu kubwa aliliwekea kiraka na kukunja kingo zake kwa koleo ili zisikwaruze mtu. Sikuwa nimejua kwamba mikono ile ya kubeba mawe inaweza kushona.

Fremu aliitengeneza kwa mbao za kreti. Misumari midogo ilikuwa inapenya na kurarua waya, kwa hiyo alinituma nikusanye vizibo vya soda, akavigonga vikawa bapa, akapigilia msumari katikati ya kila kimoja ili kibane wavu kwenye mbao. Nilivitafuta chini ya viti vya hoteli ya jirani, nikarudi na magoti meusi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," baba akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mazishi.

Dani alipasuliwa mapema kuliko tulivyotarajia, na jioni hiyohiyo akaruhusiwa, bendeji jichoni, mimi nikimwongoza kwa mkono mpaka kitandani kwa Mama Brayo. Fremu ilikuwa bado uani. Baba sasa hakuweza kuingia chumba kile. Basi ikabidi aipachike kutoka nje, na mimi nisimame ndani kuishikilia.

"Mwambie Dani asogee, vumbi litaanguka," baba akasema.

Alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Dani. Ukuta wenyewe ulikuwa udongo na mabati.

"Dani, baba anasema usogee."

"Mwambie nimesogea," Dani akasema. "Na umwambie asante kwa kazi."

"Baba, amesogea. Anasema asante."

"Nimesikia," baba akasema, kisha akarudia kugonga misumari haraka, kana kwamba amekosea kukubali kwamba ana masikio.

Hivyo ndivyo nilivyofika mahali pabaya. Nilijua kuna kitu kinaitwa heshima ya wakwe, nilikuwa nimekisikia, lakini mtoto wa Kianda anajua heshima gani inayowazuia watu kusemezana? Mimi niliona ugomvi. Niliamini wanachukiana. Niliamini kila mmoja anamwona mwenzake ndiye aliyempoteza mama: Dani aliyemzaa akamwacha aje Nairobi, baba aliyemleta Nairobi akamwacha afe. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliyatunga mwenyewe, nikayaamini.

Baba alimaliza, akaziba nyufa za pembeni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akageuza mtungi mtupu, akaukalia pale nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta. Jua lilikuwa linazama. Ndani kulikuwa tayari na giza na hatukuwasha koroboi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Dani hakuiwasha kwa makusudi. Mchana, au jioni ndani kukiwa na giza, aliye nje haoni kitu nyuma ya wavu wa waya. Anaona waya tu.

Dani alikuwa ameketi kitandani, ameligeuzia dirisha mgongo. Akakohoa.

"Kushona kwako kuzuri, Baba Akinyi," akasema, kwa Kijaluo, bila kunipitia mimi. "Nimeushika kwa vidole. Awuor hakuweza kushona hata kifungo. Nilimchapa, nikamchapa, hakujifunza."

Ilinichukua muda kujua Awuor ni nani. Kwetu Kianda mama aliitwa Mama Akinyi, na msalabani waliandika jina la ubatizo. Jina langu lilikuwa limemfunika kabisa.

"Hakujifunza, mama," baba akajibu. Sauti yake ilipita kwenye waya ikatua kitandani kwetu. "Vifungo vyote nilishona mimi. Alikuwa ananiambia ameolewa na fundi, ya nini ajichome?"

Dani akacheka. Alicheka mpaka akashika bendeji kwa hofu.

Jioni iliyofuata baba alirudi kutoka kazini, akaoga, akakalia mtungi. Na iliyofuata. Ndani yangu kila siku ilikuwa ni kungoja jua lishuke. Nilisikia jinsi mama, akiwa mdogo kama mimi, alivyowekwa kulinda dagaa wa omena walioanikwa, akawala nusu na kumsingizia kunguru. Nilisikia jinsi baba alivyomwona mara ya kwanza kwenye foleni ya maji hapo Kianda, akajaribu kupenyeza mtungi wake mbele, na msichana mfupi akauondoa kwa teke. "Nikasema, huyu," baba akasema. Nilisikia kwamba aliogopa radi, kwamba aliimba vibaya kanisani na kwa sauti kuu, na kwamba nilipozaliwa alikataa kulala usiku ule kwa kuogopa kwamba nitabadilishwa. Nililala juu ya mguu wa Dani, macho wazi gizani. Mama yangu alikuwa akirudi, kipande kwa kipande. Ningewapa watu hawa wawili chochote ili wasinyamaze.

Sijui zilikuwa jioni ngapi. Nilitamani zisiishe na sikuzihesabu. Jioni ya mwisho Dani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba Akinyi. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwishoni alisema nini?"

Nilisikia mtungi ukilia baba alipojisogeza.

"Alisema kitu," baba akasema. "Alisema kitu, mama, na nimekibeba." Sauti ikamkatika. Tukamsikia akivuta kamasi. "Kesho. Nipe mpaka kesho, nitakuambia."

"Kesho," Dani akasema. "Pole, mwanangu. Kesho."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimesikia baba akilia na nikatafuta kilichomkwamisha, na akili yangu ya kimbelembele ikanipa jibu: waya. Mtu atasemaje jambo kubwa namna ile kupitia vitundu vidogo vile? Wangeonana, nikawaza. Dani alikuwa ameondolewa bendeji siku ileile, akaniangalia, akalia kwamba nina paji la uso la mama. Kama angemtazama baba vilevile, na baba akaona jinsi Dani asivyo na hasira, basi ugomvi wao ungekwisha na maneno ya mama yangetoka bila kukwama. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilitembea humo bila tochi, tena kwa furaha.

Siku ya pili nilitoka shule mbio. Dani alikuwa amejinyoosha kidogo, amelala. Nilichukua koleo la baba, nikatafuta kile kiraka kikubwa katikati, nikakifumua mshono mmoja mmoja. Nilipofika kwenye waya mzima nikakata, nikaendelea kukata, mpaka nikapata tundu la mraba la kutosha uso wa mtu. Nilikunja kingo vizuri, alivyonifundisha, zisimkwaruze yeyote. Nilijivunia kazi ile. Nzi wawili wakaingia nikawafukuza kwa daftari.

Baba alikuja. Nilimwona kupitia tundu, nywele bado zina maji, ameshika mtungi. Hakuketi mara moja. Nadhani alikuwa anajipa nguvu. Dani alikuwa ameamka, ameketi kitandani, leso yake iko mapajani kwa sababu ya joto, kichwa wazi na mvi zake fupi. Alisikia hatua akageuka kwa ajili ya salamu, kama mtu anayejua kwamba kuna kitu kati yake na aliye nje.

Wakatazamana.

Sijui niliyatarajia machozi au nini. Nilichokiona ni hofu. Dani alitoa sauti ndogo, akavuta leso akajifunika kichwa na uso wote, akageukia ukuta. Baba aliona kitanda, akaona kichwa kitupu cha mama mkwe wake, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye mtungi, ukabingirika mpaka mtaroni. Hakuuokota. Alitembea kwenda upande wa mtaa wa Olympic, upesi, bila kuaga.

"Baba!" nikaita kupitia tundu langu. "Baba, rudi! Hujasema!"

Dani hakunigombeza. Laiti angenichapa. Aliniuliza tu, uso ukiwa bado ndani ya leso, "Mtoto wangu, umefanya nini?" Nikamwambia nilitaka muonane ili muache kukasirikiana. Akaninyoshea mkono, nikaenda, akanishika sana.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini baba alilishona tundu lile. Alisimama kando ya dirisha badala ya mbele yake, akashona kwa kupapasa, uso ameuelekeza mtaroni. Dani alikuwa amejifunika gubigubi. Nilimshikia sindano. Aliziba vizuri kuliko mara ya kwanza, na nikajiambia, basi, imeisha, jioni atakuja. Hakuja. Hakuja siku iliyofuata pia. Mtungi aliutoa mtaroni akauosha akaujaza maji. Dani alikwenda hospitali kuangaliwa, wakasema jicho liko sawa, na kabla ya wiki kuisha akapanda basi kurudi nyumbani. Baba alimpa mtu mwingine ambebee mzigo hadi kituoni, yeye akafuata kwa mbali.

Mama Brayo aliporudi na gunia lake la njugu nilimweleza yote, kwa sababu ilibidi nimwambie mtu. Alitua gunia, akanivuta karibu.

"Ai, Akinyi," akasema. "Hawa watu hawakukosana. Hiyo waya ndio ilikuwa inawapea ruhusa. Ikiwa hapo, kila mtu yuko kwake. Sasa umewatoa nguo." Kisha akanimenyea njugu, akanilisha moja moja mkononi mwake, mimi nikilia.

Wavu wenyewe Mama Brayo hakuutaka. Alimwambia baba autoe, eti nzi wake wataona amewanunia. Baba akauhamishia kwenye dirisha letu, na ulikaa hapo mpaka tulipohama.

Dani alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Baba alituacha mwaka juzi, mzee wa kimya, aliyependwa na watoto wangu. Miaka yote hiyo niliishi naye, nikampikia, nikamuuguza, na mara elfu neno lilifika ulimini nikalimeza. Watu huniambia ningemwuliza tu, nilikuwa mwanawe. Ni kweli. Lakini lile neno alikuwa amelibeba kwa ajili ya aliyemzaa mama, na mlango wa kulipitishia niliuvunja mimi.

Nilimwuliza mara moja tu. Ilikuwa wiki ile ile wavu ulipohamia kwetu. Jioni, kabla ya taa, baba alikuwa nje chini ya dirisha akifua shati lake la kazi kwenye karai. Nilitoa leso ya mama sandukuni, nikajifunga kichwani, nikaketi kitandani, nikaligeuzia dirisha mgongo. Nikakohoa kama Dani.

"Baba Akinyi," nikasema kwa Kijaluo, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza. "Alisema nini?"

Kufua kukakoma. Nilisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye shati hadi kwenye karai, kisha matone, kisha hata matone yakaisha. Sikugeuka. Nilijua jinsi ya kukaa sasa.

"Akinyi," akasema baba, polepole. "Toka hapo dirishani, mama. Mbu watakuuma."

Wavu ulikuwa umetutenga, mzima. Kila tundu alikuwa ameliziba yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemshikia sindano. Hakuna mbu angeweza kupita pale. Tulijua wote wawili.

Nikafungua leso, nikatoka dirishani.